Nyama kushika kwenye chuma: sababu zake na ginsi ya kuizuia

Kukiwa utulivu, barabara inayotoka Sake na kupita Kilolirwe na Kitshanga mpaka Mweso inajulikana jioni kwa harufu moja: nyama ya mbuzi juu ya makala. Mbabula zinawashwa kando ya njia, mbele ya buvette na karibu na fasi pikipiki zinasimama. Wasafiri wanashuka, wanaagiza brosheti mbili ao tatu, pilipili pembeni, ndizi ya kuchoma ao kiazi.

Mara mingi mateja anaona pia kitu kingine. Muchomaji anageuza brosheti, nyama inakataa kutoka. Anavuta kwa nguvu, nusu ya kipande inabaki kwenye chuma, nusu inakuja imepasuka. Kile kilichobaki kinaungua, kinakuwa cheusi, kinatoa moshi muchungu, na brosheti inayofuata inabeba ule weusi. Mateja anaangalia sahani yake, anakaa kimya, lakini kesho anaenda kwa jirani.

Hili si jambo la uzuri tu. Kitshanga ni muji ambao vita imeuhamisha mara mingi. Sehemu kubwa ya muji iliungua katika mapigano ya mwanzo wa mwaka 2013, na mapigano ya Januari 2023 yalifukuza tena wakaaji. Mutu aliyepoteza shamba na ngombe anaweza kuanza tena na mbabula moja, gunia ya makala na kilo chache za nyama. Kwa mutu kama huyo, nyama inayobaki kwenye chuma ni faida yake inayoungua mbele ya macho.

Hesabu ni rahisi. Tuseme kilo moja ya nyama imekatwa vipande 40, kila kimoja gramu 25. Kila kipande kikiacha gramu 2 tu kwenye chuma, ile kilo imepoteza gramu 80, ni kusema zaidi ya vipande vitatu. Kwa kilo 10 ni gramu 800: vipande 32, brosheti sita za vipande vitano vitano na vipande viwili juu yake. Nyama hiyo ililipiwa kwa muchinjaji, lakini hakuna mateja aliyeilipa.

Kwa nini nyama inashika

Watu wengi wanafikiri nyama inashika juu mafuta ni kidogo. Mafuta inasaidia, ni kweli, lakini si yenyewe chanzo.

Nyama na samaki vina protini mingi. Nyama mbichi ikigusa chuma, zile protini zinaanza kubadilika kwa joto: zinafunguka, kisha zinajifunga upya, na wakati zinajifunga zinashika kitu chochote kilicho karibu. Kilicho karibu ni chuma. Hapo nyama na chuma vinakuwa kama vitu viwili vilivyopakwa gundi.

Lakini ile gundi haidumu. Joto likiendelea, upande wa chini wa nyama unakauka, unakuwa rangi ya kahawia na kufanya ganda gumu. Lile ganda linajitenga na chuma kidogo kidogo. Njo sababu nyama iliyokataa kutoka kisha dakika moja inaweza kutoka yenyewe kisha dakika tatu. Muchomaji anayevuta mbele ya ganda kukomaa, anapasua nyama. Anayengoja kidogo, anageuza bila shida.

Ganda haliwezi kujifanya fasi kuna maji. Rangi ya kahawia inatokea vizuri joto la uso wa nyama likipita nyuzi 140. Maji, hata yakichemka, hayafiki huko: pwani yanachemka kwa nyuzi 100, na huku kwetu kwenye milima yanachemka mapema zaidi. Goma, iliyo kwenye mita karibu 1.500 juu ya bahari, maji yanachemka kwa nyuzi karibu 95. Basi nyama iliyolowa, iliyotoka kuoshwa ao kwenye muchuzi wa viungo, inabaki inachemka pale juu ya chuma. Na wakati inachemka, inashika.

Kwa hiyo sababu kubwa ziko nne: chuma baridi, chuma chafu, nyama yenye maji, na mukono usiokuwa na uvumilivu. Mafuta inakuja nyuma ya hizo.

Moto kwanza

Kosa la kwanza linafanyika mbele nyama haijafika. Mateja wamekuja, makala bado nusu nyeusi, muchomaji anaweka wavu na nyama pamoja. Chuma na nyama vinapata moto kwa wakati moja, na zile protini zinapata muda murefu wa kushika mbele ganda halijafanyika.

Makala yako tayari wakati yamefunikwa na majivu meupe na hakuna tena ndimi za moto zinazoruka. Wavu wa chuma, ule wengi wanaita griyaje, unawekwa juu yake peke yake, bila kitu, kwa dakika 10 hivi. Kupima joto hakuombi chombo: mukono unawekwa juu ya wavu, umbali wa upana wa kiganja. Ukivumilia sekunde mbili ao tatu tu, moto ni mukali, unafaa kuanzisha nyama. Ukivumilia sekunde tano ao sita, ni moto wa katikati, unafaa kumalizia. Ukivumilia zaidi ya hapo, ni mapema bado.

Tena makala yasijazwe sawasawa mbabula nzima. Wachomaji wenye ujuzi wanasukuma makala mingi upande moja na kuacha kidogo upande mwingine. Nyama inaanzia upande wa moto mukali ili ganda lifanyike, kisha inahamia upande wa pole ili iive ndani. Hii inasaidia pia wakati mafuta inadondoka na moto unaruka: nyama inasogezwa pembeni, haimwagiwi maji. Maji kwenye makala yanarusha majivu juu ya chakula na kupoza chuma, na shida inarudi pale ilipoanzia.

Moto mukali pekee si dawa. Wako wanaodhani kwamba nyama ikishika, moto uongezwe. Matokeo ni nyama nyeusi inje, mbichi ndani. Kwa nguruwe jambo hili ni hatari kweli. Nguruwe anayetembea huru anaweza kubeba vifuko vya tegu, na mutu anayekula nyama yake isiyoiva anaweza kupata ule mududu tumboni. Nyama ya nguruwe inapaswa kuiva mpaka katikati, bila fasi ya rangi ya pinki, na maji yake yatoke meupe. Ganda zuri inje si ushuhuda kwamba ndani imeiva.

Chuma safi, lakini si kipya

Mabaki ya jana ni gundi ya leo. Kipande cha nyama kilichoungua kwenye wavu kina uso wa kukwaruza, wenye mashimo madogo madogo, na nyama mbichi inashika humo upesi kuliko kwenye chuma laini.

Saa nzuri ya kusafisha wavu ni wakati bado una moto, mara tu kazi inaisha. Mabaki yanakuwa laini na yanatoka kwa kukwaruzwa na kisu butu, kipande cha ubao mugumu ao kijiko cha zamani. Kesho yake, mbele ya kuanza, wavu unapata moto tena dakika 10, na yale yaliyobaki yanakuwa majivu ya kupangusa.

Brosi ya nyuzi za chuma inasafisha vizuri, lakini iko na hatari yake. Nyuzi zikizeeka zinakatika, zinabaki kwenye wavu, zinaingia kwenye nyama na kuweza kuchoma koo ao matumbo. Mutu anayeitumia apanguse wavu na kitambaa chenye maji kisha kusugua, na aitupe brosi wakati nyuzi zinaanza kupinda na kutoka.

Kwa uchafu wa siku mingi, majivu ya kuni yanatosha. Majivu yaliyochungwa, maji kidogo, na majani makavu ao kitambaa cha kusugulia: majivu yana magadi yanayokata mafuta ya zamani, kama vile wamama wamefanya siku zote kwa sufuria. Kisha wavu unaoshwa, unakaushwa juu ya moto na kupakwa mafuta kidogo.

Huo mupako njo siri ya wavu wa zamani. Mafuta nyembamba ikipata moto mukali juu ya chuma inabadilika, inakauka na kuwa ngozi nyeusi, laini, inayong'aa. Ile ngozi inafunika mashimo ya chuma, na protini hazipati fasi ya kushika. Ndiyo maana wavu mupya unashika kuliko wavu uliotumika mwaka muzima. Wavu mupya unapaswa kuandaliwa mbele: unaoshwa kwa sabuni, unakaushwa, unapakwa mafuta kidogo sana kwa kitambaa, unawekwa kwenye moto mpaka moshi uishe, kisha unapozwa. Ikirudiwa mara tatu, wavu uko tayari kwa kazi.

Adui wa ngozi hiyo ni kutu. Masisi mvua inanyesha mingi, na wavu ulioachwa inje usiku unaamuka mwekundu. Kutu inakula ile ngozi, na kazi inaanza upya. Wavu uingizwe ndani, mukavu, wenye mafuta kidogo.

Si kila chuma kinafaa

Fundi wa muji anaweza kutengeneza wavu kwa vyuma vyembamba vya kujengea nyumba, akivichomelea sambamba. Hivyo ni vyuma vya kawaida, visivyopakwa kitu, na kisha kuandaliwa kwa mafuta vinafanya kazi vizuri miaka mingi. Chuma kinene kinashika joto. Nyama baridi ikiwekwa juu yake, hakipoi upesi. Waya mwembamba unapoa mara moja, na nyama inashika.

Vitu vingine ni vya kuepuka. Wavu wa banda la kuku umepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwa nyuzi karibu 420, na makala yanayopepewa yanapita hapo. Mvuke wa zinki ukivutwa unaleta homa, na wachomelea vyuma wanaijua. Hata mbele ya joto hilo, ndimu, siki na nyanya vinakula zinki na kuiingiza ndani ya nyama. Rafu za frigo za zamani, zile zinazong'aa, nazo si za kuchomea: baadhi yao zilipakwa kadmiamu, ambayo ni sumu. Na rimu ya gari inayogeuzwa kuwa mbabula ichomwe kwanza bila chakula, fasi ya wazi, mpaka rangi yake yote iishe. Pipa lililobeba dawa za shamba ao mafuta ya mashine lisitumike kabisa.

Vijiti vya chuma vya gurudumu la baiskeli vimetumika kwa brosheti Afrika Mashariki. Vingi vimepakwa zinki ao metali nyingine inayong'aa, na nyama inashika humo kama kwenye wavu. Kijiti cha muti ni salama na bei yake ni ndogo. Kilowekwe maji nusu saa ili kisiungue, na kiwe cha muti unaojulikana hauna sumu.

Kukausha nyama na kupaka mafuta

Nyama ya brosheti inalala kwenye kitunguu, ayi, tangawizi, chumvi, pilipili na ndimu. Hiyo ni sawa. Shida ni kuitosha kwenye beseni na kuiweka moja kwa moja juu ya moto huku inatiririka. Mbele ya kuweka, vipande vikamuliwe kidogo, kisha vipanguswe kwa kitambaa safi ao viachwe vijichuje kwenye kichungi. Vipande vya kitunguu vinavyoshikamana na nyama vitolewe, juu vinaungua mbele ya nyama kuiva.

Chumvi inatosha maji ndani ya nyama. Basi inawekwa saa kadhaa mbele, ili nyama ipate muda wa kunywa tena yale maji, ao inawekwa dakika moja mbele ya moto. Kuweka chumvi dakika 15 mbele, na kuchoma bila kupangusa, njo wakati mubaya kuliko yote: uso wa nyama umejaa maji.

Sukari inashika kuliko nyama. Asali, nyanya ya kopo na sosi tamu zinageuka kuwa karameli, kisha kuwa lami. Vitu hivyo vinapakwa mwisho, dakika mbili tatu mbele ya kutosha nyama, upande wa moto wa pole.

Kuhusu mafuta, kanuni ni moja: mafuta inapakwa juu ya nyama, kidogo, na wavu unapanguswa tu. Kumwaga mafuta kwenye wavu wenye moto ni kuilisha makala. Ndimi zinaruka, nyama inapata masizi, na chupa ikiwa karibu mutu anaweza kuungua. Mafuta ya karanga, ya alizeti ao ya mawese inaweza kutumika. Mawese nyekundu inaacha rangi na ladha yake, na wengine wanapenda hivyo. Kwa brosheti ya mbuzi, kipande cha mafuta ya mbuzi yule yule, kikichomwa kwenye uma na kupitishwa juu ya wavu, kinafanya kazi na hakigharimu kitu.

Kuna pia njia za wazee. Nusu ya kitunguu, ikichomwa kwenye uma na kusuguliwa juu ya chuma chenye moto, inapangusa majivu na kuacha unyevu wenye harufu nzuri. Ikichovywa kwenye mafuta kidogo, ni brosi na mafuta kwa mara moja. Nusu ya kiazi cha kizungu inafanya vilevile: unga wake unabaki kwenye chuma kama ngozi nyembamba. Milima ya Masisi haikosi viazi. Nusu hiyo isiguse nyama mbichi kisha kurudi kwenye nyama iliyoiva.

Kuweka, kungoja, kugeuza

Nyama inawekwa kidogo kidogo, si yote kwa mara moja. Kilo mbili za nyama baridi juu ya mbabula ndogo zinapoza chuma chote. Kati ya brosheti na brosheti kubaki nafasi ya kidole.

Kisha hapana kugusa. Kwa vipande vya gramu 25, dakika mbili mpaka tatu kwenye moto mukali. Muchomaji anajaribu kwa kuinua ncha moja polepole. Ikipanda, anageuza. Ikikataa, anaacha nusu dakika nyingine. Nyama yenyewe inasema wakati iko tayari. Wanaogeuza mbio mbio kila sekunde wanavunja ganda mbele halijakomaa. Kisha ganda kufanyika pande zote, kugeuza mara kwa mara hakuna shida.

Na kuna ufundi unaoondoa shida yote: wavu hautumiki. Mbabula ndefu ya chuma, nyembamba kama muferezi, inajazwa makala, na vijiti vinalala juu ya kingo zake mbili. Nyama inaning'inia katikati, haigusi chuma hata kidogo, na kugeuza ni kuzungusha kijiti. Mishikaki ya pwani ya Afrika Mashariki inachomwa hivyo. Fundi wa Kitshanga anayejua kukunja bati nene anaweza kutengeneza mbabula hiyo. Muchomaji ahakikishe tu kwamba ile bati haikupakwa zinki.

Samaki ni mutihani mugumu

Samaki anashika kuliko nyama yote. Mishipa yake ni laini, inaachana upesi, na ngozi yake ina maji. Tilapia kutoka ziwa Edward, inayopita Vitshumbi ao Nyakakoma, inaweza kufika sahani bila ngozi kama muchomaji hana ujuzi.

Samaki aoshwe, apanguswe inje na ndani ya tumbo, kisha aachwe kwenye hewa, amefunikwa na wavu wa kuzuia nzi, mpaka ngozi iwe kavu mukononi. Apakwe mafuta kidogo. Wengine wanapaka mayonezi nyembamba: ni mafuta na yai pamoja, inashika kwenye ngozi vizuri kuliko mafuta peke yake, na inasaidia kufanya ganda. Samaki anawekwa kwa mushazari juu ya vyuma, anaachwa bila kuguswa, anageuzwa mara moja tu, kwa kutumia kitu kipana kinachoingia chini yake. Wavu wa pande mbili, unaofunga samaki katikati, unarahisisha kazi, kama nao umepata moto na mafuta mbele.

Sambaza za ziwa Kivu ni jambo lingine. Hizi samaki ndogo zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni ndogo kwa wavu; zinaanguka kwenye makala. Zinabaki za kukaanga ao kukausha.

Lakini Kongo ina jibu lake la zamani kwa samaki anayeshika: majani. Liboke, samaki ao nyama iliyofungwa ndani ya majani na viungo vyake, haigusi chuma kabisa. Magharibi ya inchi wanatumia majani ya porini. Huku mashariki jani la ndizi linatosha. Linapitishwa juu ya moto mpaka liwe laini na ling'ae, linafungwa mara mbili, linawekwa kwenye makala ya pole. Hakuna kushika, hakuna mafuta ya kununua, na muchuzi wote unabaki ndani. Ganda la kahawia halipatikani, lakini ngozi na nyama vinafika sahani vikiwa vizima.

Mahindi na ndizi mbichi havishiki sana, juu protini yao ni kidogo. Ndizi iliyoiva inashika kwa sababu ya sukari, basi inachomwa na ganda lake, kisha inamenywa. Fromaji ya Masisi, zile duara zinazouzwa mpaka Goma na Kinshasa, haiwekwi kwenye wavu: ni ya aina inayoyeyuka, itapita katikati ya vyuma na kwenda kwa makala.

Makala pia ni pesa

Kuna faida moja isiyosemwa sana. Muchomaji anayeandaa moto vizuri anatumia makala kidogo. Hachomi mabaki ya jana, haongezi makala kila mara kwa kudhani moto ni dhaifu, na brosheti hazirudi kwenye moto kwa sababu mateja alikataa.

Makala si bure, na si kwa mfuko tu. Sehemu kubwa ya makala ya Goma imetoka miaka mingi ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na biashara hiyo imelisha vikundi vyenye silaha. Tangu mwaka 2007, mupango wa EcoMakala wa shirika la WWF umesaidia walimaji wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao wenyewe, ili hifadhi ipumue. Gunia inayodumu siku tano pahali pa tatu ni msaada mudogo kwa upande huo pia.

Na kitu cha mwisho, kisichohusu nyama lakini kinahusu mbabula. Usiku wa Masisi ni baridi, na kazi ikiisha, makala yenye moto yanabaki. Familia zinayaingiza ndani ya nyumba kwa kuota, mulango umefungwa. Makala yasiyo na moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wanalala bila kuamuka. Mbabula ibaki inje mpaka izime kabisa. Makala yaliyobaki yafunikwe na majivu ao kifuniko. Yatazimika, na kesho yatatumika tena.

Kwa kifupi

Makala yawe meupe, wavu upate moto peke yake dakika 10. Wavu ukwaruzwe ungali na moto, upakwe mafuta nyembamba, ulindwe na mvua. Chuma kisiwe cha zinki wala rafu ya frigo. Nyama ipanguswe maji, mafuta iwe juu ya nyama na si juu ya makala, sukari ije mwisho. Brosheti isijazwe, isiguswe mpaka itoke yenyewe. Samaki akaushwe, ao afungwe kwenye jani. Na nguruwe aive mpaka katikati, hata kama mateja ana haraka na gari linapiga honi.